Kanga Aliyeitaja Njaa

Huko kwa ndege, mwaka wa ukame, ulifanyika mkutano wa kumchagua mshika ghala la mtama. Kanga, mwenye vifaranga, alisema bila kuremba: "Ndugu zangu, tukiula wote sasa, mvua ikinyesha hatutakuwa na mbegu, na njaa itatumaliza. Lazima tujinyime."

"Kaa chini, mama nuksi!" ndege wakamzomea.

Kasuku akakohoa kidogo. "Wananchi, mtakula mshibe, na kupanda mtapanda!" Akapewa ghala kwa vigelegele.

Mvua iliponyesha, ghala lilikuwa jeupe, halina hata punje. Vifaranga wakilia, Kanga akauliza mbele ya wote: "Mheshimiwa, mbegu ziko wapi?"

"Jamani," Kasuku akasema, "nani aliitaja njaa kwanza?"

Wakamtimua Kanga na wanawe. Kisha wakaketi kando ya shamba wasilolipanda, wakingoja mtama uote.