Makaburi ya Akina Orpha

Mpekuzi wa nasaba alipiga magoti kwenye makaburi ya ukoo wa mume wangu, hapa Nebraska, akaanza kukwangua jiwe dogo kwa kisu. Lyle, mume wangu, alisimama kando yangu, kofia mkononi.

Kwa sheria ya sasa, ukithibitika kuwa wa uzao wa wakulima wa mwanzo, wale walioigeuza nyika hii kuwa mashamba wakiishi kwenye vibanda vya udongo, unatoa mtoto mmoja aende kuanzisha mashamba kwenye sayari ya Mirihi. Wanaokwenda hawarudi. Sisi tulikuwa na binti yetu Orpha tu, wa miaka saba, aliyepewa jina la bibi wa kale wa ukoo wa Lyle, na mwingine tumboni mwangu.

“Orpha,” mpekuzi alisoma. “Alikufa ana miaka miwili. Kama huyu ndiye bibi yenu, basi nyinyi si wa uzao wake.”

Nilishusha pumzi. Nilitamani nimshike mkono mwanangu, aliyekuwa akichuma maua kwenye uzio, tukimbie.

Akakwangua jiwe la pili. Orpha. La tatu, Orpha, wote watoto. La nne, Orpha, aliyekufa akiwa mzee. Baba mmoja, mama mmoja.

“Kumbe!” alisema, uso umechangamka. “Mtoto akifa, anayefuata anapewa jina lile lile. Wa nne ndiye aliyeishi, ndiye bibi yenu. Mama, watu wa namna hii ndio tunaowatafuta. Walizika, kesho yake wakaenda kulima.”

Akalitazama tumbo langu.

“Na huyu mtamwita nani?”

Lyle alinitangulia kujibu.

“Orpha.”

Kule kwenye uzio, mwanangu aliacha kuchuma maua, akageuka.

“Abee, baba?”