Jina la Mama Ndani ya Jiwe

"Kwenye mavi? Jina langu mimi?"

Mama alikuwa bado mlangoni mwa maabara, mkoba mkononi, na tayari amekunja uso.

"Sio mavi, Mama, ni kinyesi kilichogeuka jiwe," binti yake alimjibu huku akimvuta ndani kwa mikono miwili. "Na jina lako haliingii kwenye kinyesi. Linaingia kwenye madini yaliyomo ndani yake. Madini mapya! Hakuna mtu duniani aliyewahi kuyaona. Karibu, karibu, usikanyage waya."

Binti huyo alikuwa hajatulia tangu asubuhi. Majibu ya mashine yalipotoka alipiga kelele mpaka mlinzi wa getini akaja mbio na rungu. Mwenzake, fundi wa kukata mawe, ambaye wote walimwita Kinyozi kwa sababu kazi yake ni kunyoa jiwe mpaka mwanga upenye, alipanda juu ya stuli akacheza, na stuli ikavunjika. Sasa alikuwa amekalia ndoo iliyofunikwa kichwa chini, anacheka peke yake.

"Shikamoo, mama mwenye madini!"

"Marahaba. Sijakubali bado."

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Anayegundua madini haruhusiwi kuyapa jina lake mwenyewe. Anaweza kuyapa la mtu mwingine, lakini kama mtu huyo yu hai, lazima akubali mwenyewe kwa kinywa chake. Binti hakutaka jina lingine lolote. Mama yake, mwalimu wa lugha aliyestaafu, alijinyima akamsomesha ili awe daktari. Binti akauacha udaktari katikati, akakimbilia mawe. Tangu hapo majirani wakiuliza mwanawe anafanya kazi gani, mama hujibu, "Yuko serikalini," kisha huulizia hali ya watoto wao. Neno hilo lilimuuma binti kuliko matusi. Leo alitaka ndiyo moja tu, yaishe.

"Njoo uchungulie, halafu ukatae."

Mama akavua miwani, akainamia hadubini. Ndani ya lile duara la mwanga vilisimama vijiti vya rangi ya zambarau, vyembamba kuliko sindano, vinametameta.

"Hee!" mama alisema. "Kumbe vizuri hivi?"

Binti akamkonyeza Kinyozi. Kinyozi akaidunda ndoo yake kama ngoma.

"Si nilikwambia! Sasa sikia. Huyo mnyama alikuwa mkubwa kama lori, mla nyama, ametoweka kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Mifupa aliyomeza ikayeyuka, maji ya chumvi ya bondeni yakaingia, vikazaliwa hivi. Na vimetunza kila kitu, Mama! Ndani tumekuta mpaka manyoya, laini, utadhani ya jana."

"Mawe haya mliyaokota wapi?"

"Bondeni, nyuma ya machimbo. Sisi tuna bahati ya mtende! Tukienda tunaokota yote, tunamaliza, tukirudi tunakuta mengine palepale. Upepo unatufukulia bure bure."

"Kweli mpewa hapokonyeki!" Kinyozi alidakia.

Mama aliguna, lakini jicho lake lilikuwa limerudi kwenye hadubini, na binti aliona hivyo. Mama huyu hajawahi kuitazama kazi yake mara mbili.

Kinyozi naye akaona apambe sherehe. Akachukua jiwe jingine, lililoletwa siku iliyotangulia, akaliweka kwenye msumeno, akalipasua katikati mbele ya mgeni. Harufu ikajaa chumba kizima. Mama akaruka nyuma, akaziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Vumilia, Mama, hiyo ndiyo fahari yetu!" binti alisema, na yeye machozi yanamlengalenga kwa ule ukali. "Yapo madini yanayonuka yakisuguliwa, lakini haya yameyashinda yote. Tumeshaandika maelezo: rangi, zambarau, ugumu, kama wa kucha, harufu, usiulize!"

Kinyozi alicheka mpaka akashika meza.

Mama hakucheka. Alilitazama jiwe lililopasuliwa. Akamtazama mwanawe, koti jeupe limejaa vumbi, furaha imempanda kichwani. Akalitazama jiwe tena.

"Mwanangu," alisema polepole, "mavi ya kale hayanuki."

Binti akamgeukia. Mama yake hakuwahi kumwomba mtu msamaha tangu azaliwe, na jambo zito hulisema kwa methali. Basi leo amelisema! Ugomvi wote, kununa kote, ile "yuko serikalini" ya kila siku, vyote vimezikwa kwa maneno manne. Akamrukia shingoni, akalia waziwazi.

"Ahsante, Mama! Na mimi unisamehe, nilikuvunja moyo, najua. Kinyozi, amekubali! Mama amekubali!"

Kinyozi akarusha glavu zake juu, moja ikanasa kwenye feni. Akaipiga ndoo, akaanza kuliimba jina la mama kwa sauti ya harusini.

"Hebu niachie nipumue," mama alisema, akijinasua kutoka mikononi mwa binti yake, mtandio bado uko puani. "Sijasema methali mimi. Haya yananuka. Huyo mnyama mwenyewe yuko wapi?"