Uzi Mwekundu Pindoni

Uzi wa pindo la kanga yangu uligeuka mwekundu asubuhi, na kabla chai haijachemka kijana wa kiwanda alishapiga hodi. Ndiyo sheria: nguo ikichakaa, uzi hugeuka mwekundu, kiwandani wakajua, na aliyeitengeneza huja kuichukua mwenyewe.

Sheria hii naipenda, na asiniseme mtu. Kabla yake, bondeni nyuma ya nyumba, mbuzi walikuwa wakifa kwa kula nguo zilizotupwa. Leo nalima mchicha pale pale. Na kanga siku hizi zinadumu, maana kiwanda kinajua zitarudi mlangoni kwake.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo. Nimefuata doti."

Nikampa kanga yangu.

"Na ya pili, mama? Doti hurudi nzima."

Ya pili ilikuwa ya marehemu mama. Tuligawana doti ile siku ya harusi yangu, yeye moja, mimi moja. Tangu afariki sijaifua, bado inanukia udi wake. Nilijidanganya kwamba nguo isiyovaliwa haichakai. Nilipoifungua, uzi ulikuwa mwekundu.

Kijana akainamisha macho. "Haipotei, mama. Itafumwa upya. Huenda ukaja kuinunua wewe mwenyewe."

Aliipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto. Sikuwa na neno la kumlaumu.

Ila tangu siku hiyo nikiingia duka la kanga, kila moja nainusa kwanza, kabla hata sijasoma jina lake.