Ovaroli Mpya Mbele ya Kamati

Chama cha wenye viwanda kilimleta fundi wa misumari mbele ya kamati ya bunge. Kilimvika ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, kikampa na hotuba: misumari ya nje ipandishiwe ushuru, ajira mia nne za kiwandani kwake zipone.

"Soma kama ulivyoandikiwa, mzee," bosi alimnong'oneza. "Ukiropoka, kazi huna."

Miaka tisa iliyopita fundi aliisoma hotuba hiyohiyo. Ushuru ukapanda, zikaja mashine, wenzake wakatimuliwa bila hata asante.

"Haya, baba, mko wangapi kiwandani?" mwenyekiti aliuliza.

Fundi aliikunja karatasi mara nne, akaikalia.

"Tumebaki sitini, mheshimiwa," alisema. "Kuanzia kesho, hamsini na tisa."