Pete Imeshasema

Siku hizi bibi arusi haulizwi kitu. Huvishwa pete ya kupimia, na neno la pete ndilo neno. Mdomo huongopa, husema watu, mwili hauongopi.

Mwanapili alikuwa ameshamwambia Athmani kwamba aliwahi kuzaa, na kwamba mwanawe, Talha, alifariki akiwa na miezi saba. Athmani alilia naye, akaahidi kwamba wakioana watakwenda pamoja kila Ijumaa kulipalilia kaburi.

Somo aliyemfunda akamvisha pete mbele ya mawifi. Ikawaka nyeupe: hajaguswa na mwanamume. Vigelegele vikatanda nyumba nzima.

"Somo, mimi nimezaa," alinong'ona.

"Pete imeshasema, mwanangu. Nyamaza."

Athmani alipopata habari alicheka kwa furaha. "Kumbe ulikuwa ukinijaribu tu."

Ijumaa ya kwanza ya ndoa yao, Mwanapili alijitanda kanga, akashika jembe dogo na chupa ya marashi, akamngojea mumewe mlangoni.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa Talha."

Athmani alimtazama kwa huruma, kama atazamwavyo mgonjwa wa homa, akalichukua jembe taratibu mkononi mwake.

"Mke wangu," alisema, "Talha nani?"