Pikapu Iliyoacha Kuchemsha

"Mnatangaziwa kwamba pikapu ya Bwana Hhando haichemshi tena, na kwamba inauzwa." Katekista alilisoma tangazo hilo baada ya misa, kati ya tangazo la ndoa na lile la mwavuli uliopotea, na waumini walilipokea kwa utulivu wa watu waliowahi kuisukuma.

Uuzaji huo ulikuwa wa haraka. Jumamosi Marsela, kitinda mimba wa Hhando, angepokea kipaimara, na turubai la wageni lilihitaji ua ambao pikapu ilikuwa imeukalia. Angela, mkewe, alikwisha kuzungumza na wanunuzi wa vyuma chakavu. Hhando, aliyeiendesha tangu ujana wake, hakuweza kustahimili wazo la kuiona ikipimwa kwa kilo.

Kwa hiyo, kabla ya tangazo, alikuwa ameichunguza kwa utaratibu. Maji hayakuvuja. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Oili haikuwa imechanganyika na maji. Alizibua rejeta, ikatapika tope la vijito vyote alivyowahi kuchota njiani. Bado pikapu ikachemsha. Ndipo alipofungua thamostati, kile kifaa kinachofunguka kwa joto na kuyapa maji njia ya kwenda kwenye rejeta, akaitumbukiza katika sufuria jikoni. Maji yalitokota, nayo ikabaki imefumba.

"Baba Marsela," Angela aliuliza, "hiyo unayopika, tutaila na ugali?"

"Huyu ndiye mchawi wetu, Mama Marsela."

"Basi usimwage mchuzi. Wageni ni wengi."

Alifunga thamostati mpya, na pikapu ikapoa.

Ijumaa alifika Lekoko, mfugaji kutoka Endulen, mtu mzima mwenye mashuka mawili na maswali mengi. Aliizunguka pikapu taratibu, akaigusa ubavuni kama anayekagua fahali.

"Sifa za gari hili zimefika kwetu," alisema. "Wanasema haliwezi kufika mbali."

"Hayo ni ya zamani, mzee," Hhando alijibu kwa haya.

"Tutaona."

Balozi Adrian, kiongozi wa nyumba kumi, alipanda nao kama shahidi wa mauziano. Lekoko alishika usukani mwenyewe. Alichagua jua la saa saba na mwinuko wa kwenda lango la Ngorongoro, akaupanda kwa gia ya kwanza pale ambapo ya pili ingetosha, akiutazama mshale wa joto kuliko alivyoitazama barabara. Balozi alifumba macho, jambo lisilo la kawaida kwa shahidi.

"Mzee, unalitesa," Hhando alisema.

"Nalihoji tu."

Mshale ulibaki katikati. Langoni Lekoko alifungua boneti, akainama, akasikiliza.

"Hata mvuke kidogo?"

"Hata wa kuotea mikono."

Lekoko alirudi kwenye usukani na uso wa mtu aliyetoka msibani. Hhando alifarijika, kwa kuwa alijua kwamba mnunuzi makini hununa ili bei ishuke.

Walipoingia uani, wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kuketi wakinywa chai ya Angela, mizani yao miguuni. Lekoko alirudisha ufunguo.

"Silichukui."

"Lina kasoro gani?" Hhando aliuliza.

"Halina. Nani alikuambia ulitengeneze?"

Angela alitoka jikoni. "Mzee, huyu amepika chuma katika sufuria yangu kwa ajili yako. Mpe sababu."

Lekoko alijifunga shuka upya. "Gari langu la kwanza liko Ololosokwan, la pili liko Engaresero. Yote mazima, ndiyo maana yote yameazimwa. Mwenzangu wa rika akiomba gari, siwezi kumnyima; mimi nimekuja hapa juu ya lori la mahindi. Nilikuwa natafuta gari ambalo hakuna mtu atakayeliazima."

Balozi Adrian, kwa mamlaka yote ya nyumba kumi, aliamua kwamba shauri liahirishwe mpaka pande zote zipoe.