Ua la Saba

Sheria ilikuwa fupi: kifaa chochote cha kutibu kinachoingizwa mwilini kwa tundu la sindano kitapita kwanza mwilini mwa aliyekibuni. Ndiyo maana mkono wa kushoto wa Mhandisi Mwanatumu ulikuwa na vitone saba vya sindano. Kila kifaa kilipookoa mgonjwa wa kwanza, mama mkwe wake, Bi Zuhura, alikizungushia kitone chake ua la hina, kama anapamba bibi harusi. Maua sita yalikwisha kuchanua.

Siku hiyo nyumba yao ya Tanga ilirindima vigelegele. Asubuhi, mnyoo wa chuma wa Mwanatumu, kifaa chake cha saba, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umeziba tundu katika moyo wa kichanga cha siku tatu. Adhuhuri kichanga kilikuwa kinanyonya kwa pupa.

"Visu vya mahospitalini sasa vikakate vitunguu!" Bi Zuhura alitamba, akikoroga hina. "Na kinachofuata ni kipi, mwanangu?"

"Cha uvimbe wa ubongo, mama. Kilipita kwangu jana, salama salimini." Mwanatumu akapekua nywele nyuma ya sikio, akawaonyesha kitone kipya. Majirani wakapiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

"Mungu akuzidishie! Haya, lete mkono nichore la saba, hapa kando ya la sita."

Mwanatumu, uso umejaa furaha, akanyoosha mkono wa kulia, ambao haukuwa na ua hata moja. "La sita hili hapa, mama," akasema, akigusa ngozi tupu.